Chai ya Rangi na Mkono wa Mtani Wangu

Mwaka 1973, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba yangu alianguka kwenye matuta ya mihogo na mkono wake wa kushoto ukafa. Hakujikwaa. Alikuwa amesimama ananituma maji, mara maneno yakaanza kumtoka kama mtu mwenye ugali mdomoni, akakaa chini, akalala. Kwetu Ufipa wakasema karogwa, na jina la mrogaji wakalitaja, mzee wa watu, jirani yetu, ambaye hakuwahi kudhuru hata kuku. Baba aliishi mwaka na nusu, mkono ukining'inia kama mkono wa shati lililoanikwa, akafa. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Nikaacha shule nikashika jembe la kibarua na mama. Hiyo ndiyo elimu yangu yote, darasa la tatu, tena halikuisha.

Naanza na mkono wa baba kwa sababu nyie vijana mnaofungua vibanda vya chai Mpanda hii mnanijia kuuliza siri. "Mama Aneti, chai yako ulikuwa unaweka nini?" Mnafikiri nitawatajia aina ya majani, mkanunue, mtajirike. Haya, nitawaambia kila kitu, na mwenye kalamu aandike. Lakini mtakaa mnisikilize mpaka mwisho, maana mimi mwenyewe niliwahi kusikiliza jambo la maana nusu nikaondoka, na nusu ile ilitaka kuua mtu.

Mpanda nilifika na lori la mahindi nikiwa na miaka kumi na sita. Aliyenipokea kazini ni Bi Tatu, mama wa Ujiji, mfupi, mweusi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya reli. Alikuwa anauza chai stesheni. Nimeona wapishi wengi maishani mwangu, nimekula kwenye harusi za wakubwa, lakini mtu mwenye mkono kama wa Bi Tatu sijamwona tena. Yule mama alikuwa anajua maji. Sisemi chai, nasema maji. Anakaa jiko likiwa nyuma yake, anasuka ukili, anasikiliza tu.

Siku ya kwanza nikasikia sufuria linavuma, nikakimbilia majani.

"Rudisha," akasema bila kugeuka.

"Bi Tatu, yanachemka."

"Yanapiga kelele. Anayepiga kelele bado hajafanya kitu. Ngoja yanyamaze."

Na kweli, maji yakikaribia huvuma, yakifika yenyewe hunyamaza yakaanza kucheza. Hapo ndipo unaipua, unaweka majani, unafunika na kitambaa. Huchemshi majani. Mtu anayechemsha majani mpaka yatoe povu jeusi anapika dawa ya mbao. Nikamuuliza nifunike kwa muda gani, maana saa hatukuwa nayo. Akauangalia msalaba wangu shingoni.

"Nyie watu wa padri mnasali ile ya Maria?"

"Tunasali."

"Sali kumi. Taratibu, siyo kama mnavyokimbiza mkitaka kwenda kula. Ukimaliza ya kumi, chuja."

Ndiyo hivyo. Salamu Maria kumi. Aneti binti yangu ana simu yenye saa na kengele, na mpaka leo naona chai yake ya kengele haiifikii ya Salamu Maria, ila sitaki ugomvi, biashara sasa ni yake.

Makosa niliyofanya kwa Bi Tatu yangejaza gunia. Nilichemsha majani ya jana nikidhani naokoa, fundi mmoja wa reli akatema chai mbele ya watu akauliza kama naoshea vyombo ndani yake. Siku nyingine nilitumwa sokoni kununua majani na samaki, migebuka ya Karema, nikaweka vyote kapu moja. Majani ya chai ni kama mtoto mdogo, yanachukua tabia ya aliye karibu. Asubuhi abiria wanakunywa wanatazamana. Mzee mmoja akaniita kwa upole kabisa, "Binti, na ugali wake uko wapi?" Tangu siku hiyo majani yangu yalikaa kwenye kopo la bati lenye mfuniko mgumu, mbali na samaki, kitunguu na mafuta ya taa.

Sasa jambo kubwa alilonifundisha. Mpanda ni mji wa watu waliotoka pengine. Kuna Wabende na Wakonongo wenyewe, kuna sisi Wafipa, Wasukuma wamekuja na ng'ombe zao, ndugu zetu wa Katumba waliotokea Burundi. Hakuna aliyejua mama wa mwenzake. Na mimi ni Mfipa, na mnajua Wafipa tunavyosemwa, eti tunaruka na ungo. Kwa hiyo Bi Tatu aliweka sheria: mwuza chai anaonja kwanza. Unamimina tone kwenye kikombe chako, unakunywa mteja akikutazama, ndipo unampa chake. "Asiyeonja chake asimpe mwenzake," alikuwa anasema. Nikaishika sheria hiyo miaka arobaini na kitu. Wateja wangu walizoea mpaka nikisahau wananikumbusha, "Mama, onja." Sheria hiyo muiweke akilini. Itarudi.

Bi Tatu alizeeka akarudi kwao Ujiji akaniachia birika lake la shaba. Mimi nikatoka stesheni nikahamia Majengo. Kuni zikawa mkaa, mkaa ukawa gesi. Vikombe vya bati vikawa vya udongo, sasa mnavyo vya karatasi vya kutupa, mtu anakunywa anatembea kama anayefukuzwa. Yakaja majani ya vifuko vyenye kamba. Sina ubaya na vifuko, ila mtu akining'iniza kifuko mara tatu kwenye maji ya uvuguvugu akaniambia hiyo ni chai, mimi namwonea huruma.

Mteja wangu mkubwa Majengo alikuwa Masanja. Msukuma, alikuja huku na ng'ombe zamani, akazunguka nazo pande za Sitalike, akauza nyingi, akajenga mjini. Mrefu, kofia pana, fimbo haimtoki. Kwa sababu yeye Msukuma na mimi Mfipa, sisi ni watani, na nyie mliokulia kwenye simu hamjui utani ni nini. Mtani anakutukana mbele ya watoto wako na huna pa kushtaki. Anaweza kuingia msibani kwako akalala kwenye kaburi mpaka umpe kitu. Na huyohuyo ndiye anayekuzika.

Kila asubuhi alikuwa anafika na neno lake.

"Mfipa, jana usiku nimeona ungo umepita juu ya bati langu. Ulikuwa unaenda wapi?"

"Kwako kuangalia ng'ombe, nikakuta unalala nao kitanda kimoja nikaona aibu nikarudi."

"Leta chai. Onja kwanza, mchawi wewe."

Naonja, namkabidhi. Strungi, chai ya rangi bila maziwa, vijiko vitano vya sukari. Alipokuja huku alikuwa hanywi chai bila maziwa, akisema chai ya rangi ni maji ya maskini. Mimi ndiye niliyembadilisha, na nilijivunia. Na vijiko vitano msishangae. Kwetu sisi heshima ya mgeni inapimwa kwa sukari. Ukimtilia mtu kijiko kimoja, anakwenda kukutangaza mtaa mzima kuwa una mkono wa birika. Nilikuwa natia sukari mpaka kijiko kinasita kuzunguka.

Masanja alikuwa na presha. Zahanati walimpa vidonge vya kila siku, akawa analalamika vinamchosha, kwamba mwanamume mzima anameza vidonge kama kuku anadonoa mtama.

Basi siku moja niko jikoni nakaanga maandazi, redio inaongea. Akaja daktari anaeleza kuhusu chai ya rangi. Alisema majani yale yana kitu ndani yake kinachosaidia mishipa ya damu ilegee na kufunguka vizuri, na kwamba watu wanaokunywa vikombe viwili vitatu kwa siku mfululizo mishipa yao inaweza kunufaika. Jamani, nilisimama na mwiko mkononi. Miaka yote nimeuza kitu watu wanakiita maji ya maskini, kumbe nauza mishipa. Nikasikia daktari anasema, "Lakini ndugu wasikilizaji," na wateja huku nje wanagonga meza. Nikazima redio nikatoka kuwaambia.

Hilo "lakini" sikulisikia. Lilikuwa na maneno yake nyuma, na mimi nikalizima.

Wiki hiyohiyo nikamwita fundi wa kuandika vibao. Akanichorea kikombe kinatoa moshi, na maandishi mekundu: STRUNGI YA MAMA ANETI, DAWA YA MISHIPA. Mimi kusoma ni kwa kukokota, lakini kibao kile nilikuwa nakisoma kila nikipita. Watu wakaongezeka. Masanja akasimama mbele ya kibao, mikono nyuma.

"Mfipa, hii kweli au uchawi?"

"Daktari kasema redioni. Mishipa inalegea."

"Kwa hiyo vile vidonge?"

Hapa nyie sikilizeni vizuri, kwa sababu sitaki kujipamba. Sikuwa natania. Ningekuwa natania ningepata pa kujificha. Nilimwambia kwa moyo wangu wote, kama mtu anayejua, "Achana navyo. Kunywa hii, asubuhi na jioni. Vidonge vya nini na dawa ninayo hapa?"

Akacheka, akaomba kikombe cha pili.

Ikapita kama miezi mitatu. Masanja anang'aa, anasema mwili mwepesi. Presha haina kelele. Ni kama yale maji ya Bi Tatu, ikinyamaza ndiyo imefika.

Asubuhi moja, watu wamejaa kibandani, akaingia mke wake, Mama Kulwa. Hakusalimia. Mama mwenye adabu yule, kutosalimia kwake nikajua kuna kitu. Akaweka mfuko wa plastiki mezani katikati ya vikombe. Vidonge. Pakiti juu ya pakiti, hazijafunguliwa.

"Nimevikuta kwenye boksi la dawa za ng'ombe," akasema. "Hivi ni vyako, Mama Aneti. Alisema wewe ndiye umemwambia aache."

"Yuko wapi?"

"Hospitali. Kaanguka alfajiri akitoka kukamua. Mdomo umeenda upande. Mkono wa kushoto hauinuki." Kisha akasema neno ambalo nitakufa nalo. "Nilimpa chai yako kwanza. Nilikuwa nayo kwenye chupa. Nikasema si ndiyo dawa ya mishipa. Ikampalia, ikatokea puani. Tumekaa tunamnywesha mpaka jua limetoka, ndipo Kulwa akaita bodaboda."

Hata aliyekuwa anakoroga aliacha. Mimi sikumwona Mama Kulwa, niliona matuta ya mihogo.

Kwa hiyo hili mlishike kabla sijaendelea, hata kama mengine yote mtayasahau. Mtu mdomo ukimwenda upande, mkono ukikataa kuinuka, maneno yakivurugika, usimpe chai. Usimpe maji, usimpe asali, usimpe kitu chochote mdomoni. Usiite mganga, usitafute mrogaji. Mkimbize hospitali saa hiyohiyo.

Nilimkuta kitandani amegeuzwa ubavu. Jicho moja linaniona, jingine linatazama ukuta. Nikakaa chini kwenye sakafu. Nesi akaja kuniuliza mimi ni nani wa mgonjwa. Nikamwambia, "Mimi ni mtani wake, na ndiye niliyemuua."

Nesi huyo anaitwa Esperansia. Binti wa Katumba, mwembamba, anaongea polepole kama anahesabu mbegu. Alikuwa na umri wa Aneti wangu. Nimejivunia maisha yangu yote kwamba sijafundishwa na mtu isipokuwa Bi Tatu, lakini binti yule nilimvulia kilemba. Hakunifokea. Akavuta kiti, akasikiliza mpaka mwisho, redio, kibao, vidonge, chupa.

"Kwa hiyo redio ilidanganya?" nikauliza. Nilitaka sana iwe imedanganya.

"Haikudanganya, mama. Wewe ulizima mapema."

Akanieleza. Akasema ukimwagilia bustani, ule mpira wa maji ukiukausha juani unakuwa mgumu, unakakamaa. Mshipa nao hivyohivyo. Ndani una ngozi laini, ikiwa nzima mshipa unatanuka damu ikipita. Chai ya rangi, ukiinywa kila siku, ni kama mtu anayeuvuta ule mpira kivulini. Inasaidia, kidogo, kwa taratibu, na siyo kila mtu inamsaidia sawa. "Lakini presha ni pampu, mama. Pampu ikisukuma kwa nguvu, mpira unapasuka hata ukiwa kivulini. Vidonge ndivyo vinavyopunguza pampu. Chai haiwezi hiyo kazi."

"Na chai yangu nzuri kabisa?"

"Hata iwe nzuri vipi." Akatabasamu. "Unaweka sukari kiasi gani?"

Nikamwambia vijiko vitano. Akafumba macho kidogo. Akasema, mama, huku unauvuta mpira kivulini, huku unaumwagia gundi.

Masanja hakufa. Alikaa hospitali wiki kadhaa, maneno yakarudi moja moja, mguu ukarudi, mkono wa kushoto ukabaki mzito. Nyumbani sasa ndipo shida ikaanza. Akakataa vidonge. Siyo kwa kuamini chai, hapana. Alikuwa na aibu, na mwanamume mwenye aibu ni mbishi kuliko punda. Mama Kulwa analia, Kulwa anafoka, yeye anageukia ukuta. Wakaniita. Waliponiita nilijua huu ndio msiba wangu na mimi ndiye wa kuuondoa, maana nesi alishasema akianguka mara ya pili hakuna kuamka.

Nikaenda na birika. Nikaweka vidonge na maji mbele yake. Akaniangalia kwa jicho lile zima, akasema kwa ulimi ule mzito:

"Onja."

"Nini?"

"Kwako mwuzaji anaonja kwanza. Ulinipa chai, ulionja. Leo unanipa hivi. Onja kwanza, mchawi wewe."

Mama Kulwa akashika kichwa. Mimi nilichukua kile kidonge, nawaambia ukweli, kikafika mdomoni. Kisha nikamkumbuka Esperansia, dawa ya mtu haimezwi na mwingine. Nilishasikia nusu mara moja. Nikakirudisha.

"Nipe siku chache," nikamwambia.

Kesho yake asubuhi nikaenda hospitali nipimwe na mimi. Nikajipa nguvu kwa chai ya chupa yangu, kikombe kimoja pale kwenye benchi, nikisubiri foleni. Esperansia ndiye aliyekuwa zamu. Akaona kikombe.

"Umekunywa sasa hivi?"

"Si unasema inasaidia mishipa?"

"Kwa siku nyingi inasaidia. Lakini ukishainywa, kwa muda kidogo presha inapanda. Kaa nusu saa nzima, tulia, usiongee." Kukaa bila kuongea nusu saa kulinishinda kuliko kulima. Akapima. Akapima tena mkono wa pili. Akaniita siku nyingine mbili, akapima. Kisha akaniambia, mama, na wewe unayo.

Watoto wangu, miaka arobaini nimeonja vikombe vyenye vijiko vitano, tone kwa tone, wateja kwa mamia, na kiandazi cha chumvi mkononi. Na nilikuwa mtoto wa yule baba. Mishipa ile ni ya ukoo wetu. Yule mzee jirani tuliyemsingizia uchawi alikuwa ameshakufa zamani, sikuwa hata na wa kumwomba radhi.

Nikarudi kwa Masanja na vidonge vyangu, vimeandikwa jina langu. Nikaketi mbele yake. Nikaweka changu kwenye kiganja, akakiona, nikameza na maji, nikafungua mdomo akaangalia.

"Nimeonja," nikasema. "Zamu yako."

Akavuta pakiti karibu kwa mkono wa kulia. "Kweli ni vyako?"

"Soma jina, si ulisoma mpaka la nne, unanizidi mimi."

Akasoma. Akacheka upande mmoja, upande ule mdomo uliokuwa unaenda. "Mfipa," akasema, "ulitaka kuniua ukashindwa. Uchawi wenu umeisha nguvu." Akameza.

Toka siku hiyo ikawa hivyo kila asubuhi. Mwanzo nilimfuata. Baadaye akawa analetwa na bodaboda mpaka kibandani, kisha akaanza kuja kwa miguu na fimbo yake, nyumba mbili anapumzika, nyumba tatu anapumzika. Nesi alisema kutembea nako kunafungua mishipa, tena kuliko chai. Sharti letu lilikuwa moja: kidonge kwanza, kikombe baadaye. Mimi nameza, yeye anameza, tunapiga soga, ndipo namimina.

Sukari ndiyo ilikuwa vita. Nilipopunguza, wateja wakahamia kwa jirani, wakanitangaza kuwa uzee umeniletea uchoyo. Nikatafuta njia. Hii ndiyo siri mliyokuja kuiulizia, basi ichukueni. Usimpunguzie mtu sukari kwa kumwambia. Mpunguzie robo kijiko, mwache wiki mbili, ulimi uzoee, punguza tena. Ulimi ukitafuta utamu upe kazi nyingine: tangawizi iliyopondwa, mchaichai kidogo, mdalasini kijiti kimoja. Na majani yasiungue, kwa sababu chai chungu ndiyo inayodai sukari. Ukifuata Salamu Maria zako kumi, chai haina ukali wa kufichwa. Masanja tulimtoa vijiko vitano tukamfikisha nusu, na alipogundua ilikuwa imeshapita miezi minane. Alinitukana siku nzima.

Na mama mjamzito au mwenye upungufu wa damu msimpe chai pamoja na chakula, inazuia damu kupata nguvu ya mboga na nyama. Mpe saa moja au mbili baadaye. Hilo nalo ni la Esperansia. Nilimfanya alirudie mara tatu, nikamwacha amalize kila mara.

Nyie wa vinywaji vya makopo siwalazimishi. Ila nimekinywa kitu hiki maisha yangu yote na bado nakiheshimu. Majani makavu, maji, moto, na subira ya sala kumi, na kinaingia mpaka kwenye mshipa wa mtu kinausaidia kulegea. Mimi ninaona ni jambo kubwa. Kosa langu lilikuwa kukibebesha mzigo usio wake.

Leo nimestaafu. Nina nyumba ya tofali za kuchoma Kawajense, vyumba vitano, bati jekundu. Kibanda Majengo, anauza Aneti. Eka tatu za mahindi. Birika la shaba la Bi Tatu, limetoboka, halipiki tena. Redio ileile. Kibao kimoja, nimekigeuza uso ukutani, nyuma yake Aneti anaandikia bei. Mashine ya kupimia presha, anayetaka anapimwa bure, akae kwanza nusu saa. Ng'ombe jike mmoja niliyepewa na mtani wangu, nikamwuliza wa nini, akasema wa kunilipa kwa kuroga vibaya. Vidonge vyangu, kwenye kopo la majani ya chai. Na huyo mtani mwenyewe, ambaye sasa hivi amekaa mlangoni na fimbo yake, mkono wa kushoto umelala pajani, wa kulia umeshika kidonge, ananiuliza ninaandikisha nini muda wote huu na mbona sijaonja.